Shimo la Ndizi na Shimo la Lowa

Muheto, 8 Februari 1953

Mupendwa mudogo wangu Athanase,

Kaa chini kwanza, na kama umeshika kitu cha moto, kiweke pembeni. Nyumbani tumefiwa. Jino langu la nyuma, lile la kushoto, lililonitumikia kwa mahindi ya kuchoma tangu siku za marehemu baba, lilitutoka juzi asubuhi nikila boga. Boga, mudogo wangu, si mufupa. Nimelizika nyuma ya banda la mbuzi. Adelaïde muke wangu hakulia. Alisema sasa nitakula polepole na watu wengine watapata kitu.

Baada ya hiyo habari kubwa, zipo ndogo. Afya yako je? Pori la Walikale bado halijakumeza? Sisi tuko wazima, mbuzi wazima, maharagwe yameota vizuri.

Ndogo nyingine ni kwamba Papa Sebarenzi amekubali posa yako. Alikunywa kasiksi yetu, pombe ya ndizi niliyoipika miye, akapangusa mudomo, akasema mbele ya watu wote: "Ng'ombe wao nimemuona, iko muzuri. Muchumba mwenyewe iko wapi? Ao mutoto wangu Françoise ninamupa huyu Gustave, kibogoyo?" Watu wakacheka, na miye nikacheka, nikiziba mudomo kwa mukono.

Basi uje. Miye nimesema maneno yote ya posa kwa niaba yako, lakini kuna mahali ambapo ndugu hawezi kusimama kwa niaba ya ndugu. Tena niambie jambo moja ambalo hapa linatusumbua: ni kweli mafuta ya taa yanatoka chini ya udongo, ao wazungu waliowaajiri kuyatafuta wanawachezea?

Kaka yako,
Gustave

*

Kambi ya Lowa, Walikale, 14 Machi 1953

Kaka Gustave,

Salamu kwako, kwa shemeji Adelaïde na kwa kaburi lililo nyuma ya banda la mbuzi. Pole sana. Miye niko muzima, ila mvua hapa haina adabu, inaingia bila kubisha.

Yanatoka, kaka. Nilimuuliza Bwana Jeologi, muzungu wetu anayesoma mawe, akanichorea kwa kijiti kwenye matope. Nilirudi kwenye kibanda changu nikayageuza yale maneno mpaka yakawa ya kwetu.

Fikiri kitanda cha kamba. Muntu munene, usikasirike, akikalia ukingo, kamba zinazama pale karibu naye, na zinapanda polepole kuelekea ukingo wa pili. Milima inaposukumana na kuinuka, njo inavyofanya inchi iliyo kando yake. Uzito unaikandamiza, inazama. Wanaita avant-fosse, shimo la mbele ya milima. Mito inashuka humo na matope, muchanga, majani, na maji yenyewe yana vidudu vidogo visivyoonekana. Vinakufa, vinafunikwa, vinafunikwa tena. Tabaka la chini linazidi kuzama mpaka linapata joto la ndani ya dunia.

Hapo, kaka, wewe unajua tayari, maana ni shimo la ndizi. Unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo, unatia joto kidogo pembeni. Joto likipungua zinabaki mawe. Likizidi zinaharibika. Huku chini vilevile: joto la kadiri linatoa mafuta kutoka kwenye yale matope yaliyogeuka jiwe jeusi, na likizidi linatoa gazi, hewa tupu inayowaka.

Lakini tofauti na ndizi, mafuta hayatulii. Ni mepesi kuliko maji. Yanakamuliwa kutoka kwenye jiwe jeusi lililoyazaa, yanaingia katikati ya jiwe la muchanga, yanapanda, yanakimbia mulima kuelekea kule kamba zinakoinuka. Yanapanda tu, mpaka yakute kitu cha kuyazuia: udongo mugumu usiopitisha kitu, uliojikunja kama kifuniko cha chungu. Chini ya kifuniko hicho njo yanapokusanyika, gazi juu, mafuta yakifuata, maji chini. Pasipo kifuniko, yanafika juu ya inchi, yanakauka, kwisha habari.

Bwana Jeologi anafikiri milima yetu njo yule muntu munene, na pori hili njo kitanda. Anafikiri tu, njo maana tunatoboa.

Kaka, muombe Papa Sebarenzi angoje mpaka mavuno ya Juni. Mashini imeanza kutoa jiwe la kwanza. Nikilala nasikia kama linaniita. Na Françoise umuambie taa yake ya kwanza nyumbani kwangu itawaka mafuta ya shimo hili hili.

Mudogo wako,
Athanase

*

Muheto, 19 Aprili 1953

Mudogo wangu,

Salamu. Hatujafiwa tena, meno yaliyobaki yanashikana mikono.

Barua yako nimeisoma kwa sauti nyumbani kwa Papa Sebarenzi, watu wakiwa wengi. Nilipofika kwa muntu munene aliyekalia kitanda, wote wakanitazama. Dada yake Sebarenzi, Mama Nyirabagenzi, akainuka akahamia kiti kingine, eti anaogopa atatelemkia kwangu.

Kwa habari ya ndizi walikuelewa vizuri sana. Papa Sebarenzi akasema: "Kumbe mukwe wangu anatafuta kasiksi ya wazungu. Ningelijua ningelimuagiza chupa."

Françoise alikuwa pale pembeni akipukuchua maharagwe. Unajua hasemi mbele ya baba yake kama hakuna moto nyumbani. Lakini aliuliza: "Papa Gustave, hayo mafuta, nani anayaambia yasimame?"

Nikajibu, "Kifuniko, mutoto wangu."

Akapukuchua kidogo. Halafu: "Na Athanase?"

Nilijifanya nakohoa. Nimepata faida moja tu kwa lile jino kuondoka: nikikohoa sasa, inatoka sauti ya ajabu inayofanya watu wasahau walichouliza. Yeye hakusahau.

Shimo la ndizi la Juni nitalichimba miye. Wewe lete miguu.

Kaka yako,
Gustave

*

Kambi ya Lowa, 20 Juni 1953

Kaka,

Salamu nyingi kwenu wote. Najua barua hii inafika badala yangu, na mahali pangu pananingoja miye. Naomba usiisome mbele ya watu kabla ya kuimaliza peke yako.

Bwana Jeologi alitufundisha hivi: mukiona maji yanayotoa mapovu bila moto, yenye ngozi inayong'aa rangi nyingi kama shingo ya njiwa, na harufu, niiteni. Huenda ni mafuta ao gazi inayovuja kutoka chini. Basi siku moja nikifuata kijito kidogo, nikayakuta. Kisima cheusi kaka, mapovu tele, ngozi inang'aa, na harufu ya kumuangusha muntu. Nilikimbia mpaka kambini bila kofia. Bwana Jeologi akaja na mabuti yake, na chupa zake, na vijana wa kubeba mashini ndogo. Akapindua chupa ndani ya maji, akakamata mapovu, akanusa.

Hapo akatokea mama mumoja na kikapu mugongoni, Mama Pétronille, mujane wa kijiji cha karibu. Akatusalimia wote vizuri, akakunja kitenge, akaingia katikati ya kisima changu, akafunua majani chini ya maji, akaanza kutoa muhogo.

"Asante kwa kuja," akasema. "Mutanisaidia kubeba, ao mutatazama tu?"

Ni muhogo muchungu, kaka. Huku wanaulowesha kwenye maji mpaka uoze na uchungu utoke. Sisi watu wa milima muhogo tunaujua ukiwa tayari unga. Bwana Jeologi alicheka mpaka akakaa kwenye muzizi. Tangu siku hiyo kambi nzima inaniita Petroli ya Mama.

Si kwamba nimekatazwa kwenda pale. Bwana Jeologi ananituma mara kwa mara kuchukua mapovu, ili nijue gazi ya kuoza na ile ya kutoka chini zinatofautiana namna gani. Mama Pétronille ananiuliza kila mara kama muhogo wake umeanza kuwaka.

Sasa lile gumu. Siwezi kuja Juni hii. Mashini imeingia kwenye jiwe jipya na Bwana Jeologi halali. Nikiondoka leo na mafuta yakatoka kesho, maisha yangu yote nitakuwa muntu aliyeondoka jana yake. Unaelewa? Nikikaa nataka kuondoka, na nikifunga muzigo nataka kukaa.

Mudogo wako,
Athanase

*

Muheto, 19 Julai 1953

Athanase,

Salamu. Kasiksi tumekunywa bila wewe. Ilikuwa nzuri, pole.

Habari ya muhogo sikuisoma. Nilifika pale nikakohoa, nikaruka mpaka mwisho. Ukoo wetu una jina, ingawa sikumbuki lilitoka wapi. Nilisema tu mashini imeingia kwenye jiwe jipya. Papa Sebarenzi akauliza, "Jiwe hilo lina jina la mwanamuke?" Watu wakacheka. Françoise akachukua kibuyu, akaenda kukiosha mbali kuliko maji yalipo.

Sikiliza sasa, natania kidogo tu. Muzee amesema mavuno ya Januari. Maharagwe yakiingia ghalani na wewe hujaingia kijijini, ng'ombe wetu atarudi kwetu kwa miguu yake mwenyewe. Na kuna kijana mumoja wa Bweremana, Théogène, anauza samaki wakavu mpaka huko kwenu Walikale. Ana baisikeli. Kila akipita anasimama kwa Sebarenzi kujaza upepo kwenye gurudumu. Sijaona gurudumu linaloishiwa upepo namna ile.

Kaka yako,
Gustave

*

Muheto, 27 Septemba 1953

Athanase,

Umekufa? Kama umekufa, andika.

Gustave

*

Kambi ya Lowa, 22 Novemba 1953

Kaka,

Salamu. Sijafa. Sikuwa na neno la kuandika ambalo lingekaa kwenye karatasi.

Tumemaliza kutoboa. Jiwe jeusi tulilipata, unene muzuri, na ukilivunja kwa nyundo linanuka kama taa iliyozimwa sasa hivi. Juu yake tukapata jiwe la muchanga lenye madoa meusi, kama chungu kilichounguza maharagwe. Bwana Jeologi aliligusa kwa ulimi. Akasema: "Yalikuwa hapa." Mafuta, kaka. Yalizaliwa, yakapanda, yakafika hapa hapa. Lakini kifuniko hakipo. Mvua na mito iliking'oa zamani, kabla hakujawa na muntu wa kuiona, na mafuta yakatoka juani, yakakauka.

Na lile la milima, amebadili mawazo. Milima yetu haikusukumana ikakandamiza kitanda. Anasema inchi ilivutwa huku na huku ikapasuka, na kingo za ule ufa njo zikainuka, juzi juzi tu kwa hesabu ya mawe. Muntu munene si hiyo milima. Tulikuwa tunamushitaki muntu asiyekuwapo.

Nilidhani nitafurahi kwamba kazi imekwisha. Nimefunga muzigo. Halafu Bwana Jeologi ananiita, anasema huko magharibi, chini zaidi mwa muto, matabaka yanazidi kuzama, na huko kifuniko kinaweza kuwa kizima. Kambi itahama katikati ya Januari. Anataka niwe kapita, musimamizi wa wafanyakazi wote. Nilisema nitafikiri, lakini miguu yangu ilijibu ndiyo kabla yangu.

Kaka, muombe muzee musimu mumoja tena. Mumoja tu. Kwa Françoise sijui useme nini. Usome hii ukiwa peke yako, halafu umuambie vile wewe unavyojua kuambia watu.

Mudogo wako,
Athanase

*

Kalembe, 9 Januari 1954

Mupendwa mudogo wangu,

Salamu kutoka Kalembe. Ndiyo, Kalembe, siyo Muheto. Miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya moto ya mama mwenye nyumba, na anayenipa karatasi ni dereva wa kamiyo inayokuja kwenu kesho. Barua itafika kabla yangu. Soma mpaka mwisho bila kuruka, maana safari hii na miye sikuruka kitu.

Barua yako ya Novemba sikumuambia muntu. Nilimuambia Sebarenzi kwamba unakuja. Nilimuambia Françoise kwamba unakuja. Wewe mwenyewe hukuandika popote kwamba unakuja, hilo neno nililitoa tumboni mwangu. Nilichimba shimo la ndizi kwa ajili ya Januari, nikalifunika vizuri, nikajiambia kwamba kabla ndizi hazijaiva utakuwa umepata aibu ukarudi.

Halafu Théogène alirudi kutoka sokoni Walikale na baisikeli yake. Akasimama kwa Sebarenzi kujaza upepo. Akasema, kwa sauti ya muntu anayehurumia: "Athanase niliulizia. Wanasema kila mara iko kisimani kwa mujane mumoja, Pétronille. Hata jina wamemupa, Petroli ya Mama."

Nilikuwapo. Hapo nikafanya ule ujinga ambao ungefanya wewe. Nikasema kweli. Nikaeleza yote: mapovu, ngozi ya maji, harufu, chupa zilizopinduliwa, muhogo. Kadiri nilivyozidi kueleza njo uongo ulivyozidi kunenepa. Papa Sebarenzi alifuta machozi kwa kucheka. "Gustave," akasema, "muntu muzima wewe, unataka niamini mudogo wako wanamulipa kunusa muhogo wa mujane?" Kama ningelisoma habari ile mwezi wa saba, wangelicheka wakakupenda. Lakini kweli iliyokuja nyuma ya uvumi inafika imechoka, hakuna anayeipa kiti.

Françoise hakucheka.

Kesho yake asubuhi nasikia jembe nyuma ya nyumba. Natoka, namukuta juu ya shimo langu la ndizi. Unajua mwenye shimo njo anafungua, na mwanamuke wa kwetu hagusi, sembuse aliyeposwa. Alikuwa amekwisha kutupa udongo na nusu ya majani.

"Mutoto wangu, bado," nikasema. "Zitaharibika."

"Papa Gustave, nimefunikwa tangu mwaka jana. Miye nimeiva ama sijaiva?"

Nikaokota majani aliyoyatupa, mudogo wangu, nikaanza kuyapanga upya.

"Ile barua ya mwisho ilisema nini?" akauliza. "Nilikuona posita. Ulitoka unaipinda pinda kama muntu anayenyonga kuku."

Basi nikamusomea. Yote, palepale, yeye amesimama ndani ya shimo. Alinirudisha mara nyingi mahali pamoja, pale pa kifuniko kilichong'olewa. Halafu akasema: "Anataka kwenda mbali zaidi kwa sababu huko kunaweza kuwa na kifuniko."

"Njo alivyosema."

"Hakuniuliza kama kiko hapa."

Akatoka shimoni, akapangusa mikono. "Nitakwenda nikanuse huo muhogo miye mwenyewe. Kama ni muhogo, sawa. Kama ni kingine, nitajua kabla ya baba yangu kurudisha ng'ombe."

Sasa shida ilikuwa hii. Binti hajipeleki kwa mwanamume. Akijipeleka, jina lake limekwisha, na la baba yake. Nilikwenda kwa Papa Sebarenzi nikamueleza alilosema binti yake. Alisikiliza, akazungusha fimbo yake, akasema: "Nimekunywa kasiksi kwa ajili ya muntu nisiyemuona mpaka aibu imenishika. Ama nipate mukwe, ama nirudishe ng'ombe wenu nipumzike." Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia kwake: "Desturi inasema upande wa mwanamume wanakuja kumuchukua binti. Wewe Gustave umekuja. Desturi haikusema mukishamuchukua munamupeleka wapi."

Njo maana niko Kalembe. Nimekuja kumuchukua Françoise, nimemuchukua, na kila siku namuchukua kidogo zaidi. Mama Nyirabagenzi anatusindikiza, kama shangazi anavyopaswa, na anakataa kutembea nyuma yangu, eti nikiteleza mulimani nitamukandamiza awe mafuta. Ndizi zile zilikuwa nusu mawe. Tulikamua zilizokubali, zikatoa kibuyu kimoja kidogo cha kasiksi chachu. Nakibeba miye. Ukikinywa usikunje uso.

Sitakudanganya tena. Sijui kama utakuwapo. Kambi inahama katikati ya mwezi, na miguu yangu imevimba, na Mama Nyirabagenzi hatembei akiwa hajala. Inawezekana tutafika tukute majivu na Mama Pétronille. Jana nilimuambia Françoise hivyo, kwa upole, ili asije akaumia. Akasema Mama Pétronille akiwapo inatosha kwa kuanza, atamuuliza, halafu ataendelea magharibi. Nikamuambia miye siwezi kwenda magharibi. Akasema hakunialika.

Basi, nyoa ndevu. Osha kile kibanda. Kama Bwana Jeologi anakuuliza, muambie una wageni.

Françoise yuko hapa mbele yangu sasa, anafunga mizigo upya kwa kamba, anavuta mafundo kwa meno, mwenye bahati ya meno. Nimemuuliza kama kuna neno la kutia mwishoni mwa barua. Amefikiri sana, nikadhani atakulaumu, nikatayarisha karatasi ya pili.

Amesema: "Muandikie asisogee."

Kaka yako,
Gustave